Pumzi Yako Chupani

Mama,

Nakuandikia nikiwa darasani, Ijumaa, watoto wameshaenda zao. Jua limekaribia mgongo wa kilima cha Manga, na likizama tu nitaweka kalamu chini, maana wewe ndiye uliyenifinya sikio kwa kufanya hesabu jioni kama hii Sabato ikiingia. Kwa hiyo nina saa moja hivi, labda na kidogo. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia sokoni tu, ukigombana na wanunuzi wa kutoka ziwani. Usinikasirikie. Kwa Kigusii nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili sikuvuka jina lako.

Kuna shida, Mama. Nimeileta mimi mwenyewe, kwa mdomo huu ambao wewe ulisema siku zote kwamba utakuja kunichongea. Jumapili nimeitwa mbele ya kamati ya shule. Wanataka sentensi moja tu kutoka kwangu. Nikiisema nitabaki mwalimu. Nisipoisema nitafukuzwa, na jina lako litatoka pamoja nami, tena likiwa limechafuliwa. Na juu ya hayo wanataka Baba aifyeke migomba yako, yote, mpaka ile ya kando ya kisima.

Nikueleze tangu mwanzo, maana ungekuwa hapa ungekuwa umeshanipiga kwa mwiko niache kuzungukazunguka.

Darasa langu ni la sita, unakumbuka. Mwezi uliopita, ulipokuwa umelala kaburini wiki nne, kando ya migomba yako, upande wa kushoto wa nyumba kama wanawake wote wa kwetu, tulifika kwenye somo la safari ya ukaa. Hilo ndilo jina nililolipa somo, kwa sababu kitabu ni cha Kiingereza na watoto wanakiogopa. Ukaa ni kile kitu kinachobaki cheusi kuni zikiungua. Umo katika mkaa, lakini umo pia katika ugali wa wimbi, katika mafuta, katika nyama na katika miili yetu. Tunaula, halafu tunautoa kwa pumzi, ukiwa hewa isiyoonekana. Majani yanaichukua hewa hiyo na kuigeuza chakula kwa nguvu za jua. Sisi tunakula, tunapumua, na kila kinachokufa kikioza au kikiungua, ukaa wake unarudi hewani. Nilichora duara kubwa ubaoni: mtu, mgomba, moto, ng'ombe aliyekufa, halafu mtu tena.

Lilikuwa somo zuri, Mama. Nasema bila aibu. Na kwa kuwa nilitaka liwe zuri zaidi, asubuhi ile nilibeba kikapu cha ndizi mbivu kutoka kwenye migomba yako, za mkungu wa kwanza kuiva baada ya mazishi. Nikampa kila mtoto moja. Nikawaambia wale polepole, wafikirie utamu ule ulikotoka. Wakala. Darasa zima likanuka ndizi, na mimi nikajiona mwalimu kweli kweli.

Hapo ndipo Kemunto aliponyoosha mkono. Kemunto ni yule msichana wa pale chini, karibu na mto, anayelelewa na nyanya yake Moraa. Ana akili kama wembe, na haogopi mtu. Akauliza, "Mwalimu, na mtu akifa?"

Ningejibu kama kitabu. Ningesema, ni vivyo hivyo kwa kila chenye uhai, haya fungueni madaftari. Lakini nilikuwa sijalitaja jina lako mbele ya mtu yeyote kwa mwezi mzima, na swali lile lilinikuta mlango wazi. Nikasema, "Hata mtu. Hata mama yangu. Mama yangu sasa yumo katika migomba yetu."

Kemunto alikuwa bado ameshika ganda mkononi.

Mimi sikuona kitu. Nilifuta ubao, nikapiga kengele, nikapanda kwenda nyumbani nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilipita kwenye migomba nikagusa shina moja moja. Niliona nimekupata. Mtoto wako mwenye cheti cha ualimu, amekupata kati ya majani!

Wewe ungenishtua palepale, maana unajua watu wako. Kwetu mchawi hatambuliwi kwa hirizi. Mchawi, omorogi, ni yule anayekula maiti. Hilo kila mtoto wa Gusii analijua kabla hajaota meno, na mimi nililijua, nilizaliwa hapahapa, lakini siku ile nililisahau kama mgeni aliyeletwa na lori. Nimewalisha watoto wa watu ndizi kutoka kando ya kaburi, kisha nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba ndani yake yumo mama yangu.

Kemunto alifika nyumbani akatapika. Nyanya yake akamuuliza amekula nini, naye akaeleza sawasawa nilivyosema, bila kuongeza wala kupunguza, kwa maana ndivyo nilivyomfundisha. Kufikia soko la wiki ile maneno yalikuwa yameota miguu. Shangazi Bosibori ndiye aliyetuletea, akiwa hana pumzi, ameshika kifua, na usoni ana ile furaha yake ya kuleta habari mbaya. Unamjua. Kwanza walisema mwalimu Makori anafundisha watoto kula wafu. Kisha wakasema kwetu ndiyo desturi. Na sasa, Mama, nisamehe kwa kukuandikia hili, wanasema labda na wewe ulikuwa hivyo. Wanasema ndiyo maana ndizi zako zilikuwa kubwa kuliko za wengine.

Miaka yote ile ya kubeba majivu! Maganda, majivu, maji ya vyombo, manyoya ya kuku, hata viatu vyangu vya kwanza vilipochakaa. Kila kitu kilichokuwa mkononi mwa mtoto yeyote ulikuwa na neno moja tu juu yake: "Peleka kwa migomba." Nilidhani nikiwa mdogo kwamba migomba ni ndugu zetu wenye njaa. Na leo jasho lako lile wanaliita uchawi.

Darasani madawati nusu ni matupu. Kemunto haji. Barabarani watu wananisalimia wakiwa wameshaanza kuondoka. Baba haongei. Tangu siku ya Shangazi hajala ndizi hata moja, anakula ugali wa wimbi na mboga, na nikipika matoke anatoka nje. Ule mkungu mkubwa uliouegemeza kwa mti wa panda wiki uliyoanguka kitandani, ukamwambia ukatwe kabla ya mvua kubwa, bado uko pale. Umekomaa mpaka ndege wameanza kuudonoa. Baba hupita chini yake akiangalia pembeni. Juzi nilimkuta ananoa panga, akaacha aliponiona. Sijathubutu kumuuliza.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema. Ni wa kutoka ziwani, mambo yetu haya yanamchosha, na jana aliniita kando kwenye maua ya pareto akasema, "Makori ndugu yangu, hiyo maneno ni ya dakika moja. Simama, sema ile kitu ulifundisha ilikuwa uongo, watu waende nyumbani. Mimi nataka mwalimu, sitaki shujaa."

Hiyo ndiyo sentensi wanayoitaka: kwamba nilifundisha uongo. Mzee Nyakundi, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa letu, ndiye aliyeitunga. Yule aliyekuombea ukiwa kitandani na kulia kuliko sisi. Ananipenda, naamini. Anadhani ananifungulia mlango wa kutokea.

Lakini si uongo. Na unajua kwamba najua, maana wewe ulikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza.

Unakumbuka ile siku ya chokaa? Kifua chako kilikuwa kimeshaanza kubana. Mimi nilirudi na chokaa iliyobaki walipopaka kuta za shule, nikaikoroga ndani ya maji, nikaiacha itulie, nikamimina yale maji safi ya juu kwenye chupa ya dawa iliyokwisha. Nilitaka kufanya jaribio kabla ya kulipeleka darasani. Sikuwa na mrija, nikachukua mrija wa pombe wa marehemu babu uliokuwa umechomekwa kwenye paa tangu tuokoke. Ulinipigia kelele kwanza, kitu cha dhambi hicho. Kisha ukaniuliza unatakiwa kufanya nini. Nikakuambia upulize.

Ukapuliza. Kifua kililia kama mlango, lakini ulipuliza. Na yale maji safi yasiyo na rangi yakaanza kubadilika, yakawa mazito, yakawa kama maziwa. Ukaitoa midomo yako, ukaangalia, ukacheka mpaka ukakohoa. "Kumbe bado nina maziwa kifuani!" Ukamwita Baba aje aone. Baba akaja, akasema hm, akarudi kwa ng'ombe wake.

Chupa hiyo ninayo. Hakuna anayejua. Nilitia kizibo jioni ileile kwa kuwa nilitaka kuwaonyesha watoto, kisha ukazidiwa, kisha sikuweza. Maji yametulia yakawa safi tena, na chini kuna unga mweupe, kidogo, kama chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Unga huo ni chokaa iliyoshika ukaa wa pumzi yako. Si mfano, Mama. Ni pumzi yako yenyewe, ya siku ile, uliyocheka nayo. Imefichwa kwenye paa, mahali pa ule mrija.

Sasa fikiria wakiipata. Mtu anayeshukiwa kula wafu, na ndani ya nyumba yake pumzi ya marehemu imezibwa chupani! Hapo hata Mzee Nyakundi hataweza kunisaidia. Shangazi amesikia wanaongea kwamba baada ya mkutano watakuja kukagua boma. Nimeishika chupa mara tatu wiki hii ili niimwage, na mara tatu nimeirudisha. Mimi ninayefundisha sayansi, nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yetu.

Jua limefika ukingoni. Nilikuwa nimefungua kitabu kabla ya kuanza barua hii, nikitafuta maneno ya kujitetea Jumapili, na nimekutana na kitu kilichonishtua. Nilikifundisha mwenyewe, kimo kwenye duara langu mwenyewe ubaoni, na sikukiona. Siwezi kukiandika sasa, kivuli kimefika mlangoni. Sabato njema, Mama. Nilikuwa nikikuambia hivyo na wewe unajibu ukiwa umeshainamia moto kuufunika.

*

Mama, ni Jumatatu, kengele ya kwanza bado. Niko darasani. Kwa hilo umeshajua nusu.

Kile nilichokiona ni hiki. Mgomba hauchukui ukaa wake ardhini. Mizizi inanyonya maji na chumvi za udongo, lakini ukaa, ule unaofanya utamu wa ndizi, unaingia kwa majani, kutoka hewani. Na hewa haina boma. Haijui huu ni mpaka wa nani. Kinachooza chini ya udongo kinapanda kikiwa hewa, na upepo wa Manga unakibeba asubuhi kabla sijaamka. Pumzi zote ulizotoa, za kuniita, za kuimba kanisani, za kuugua, hazikukaa zikizunguka nyumba zikisubiri kuingia kwenye ndizi zetu. Zilikwenda.

Kwa hiyo hawakuwa wamekosea peke yao, Moraa na wenzake. Nilikosea kabla yao. Niliwaambia watoto umo katika migomba *yetu*, na hilo halimo katika kitabu chochote. Nililitia mwenyewe kwa kuwa nilitaka ubaki nyumbani. Nilishinda Sabato nzima na jambo hilo, nimekaa kanisani bila kusikia neno, nikikuzika mara ya pili. Mara hii iliuma kuliko ya kwanza, nakuambia ukweli. Ile ya kwanza walikuwepo watu wa kunishika.

Jumapili nilikwenda na chokaa mpya na ule mrija. Chupa yako niliiacha kwenye paa na roho yangu ikabaki nayo hukohuko.

Walikuwa wengi, zaidi ya kamati. Walijaa madawati ya watoto, magoti yakiwa juu, wengine wakasimama madirishani. Baba alikaa nyuma kabisa, amefunga mikono. Moraa alikaa mbele na Kemunto kando yake. Mzee Nyakundi akaomba, akafungua Biblia, akafunga, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sema lile neno, tumalize."

Nikaomba kwanza niwaonyeshe kitu. Kukawa na manung'uniko. Nikampa Mzee mrija apulize. Akanyoosha mkono, akauangalia, na nikaona ameutambua. Inaonekana alikuwa mnywaji mwenzake babu kabla hajaokoka! Akaurudisha haraka kana kwamba umemchoma, na kule madirishani mtu akacheka. Nilijua nimejiongezea kosa. Nimemwaibisha mtu pekee aliyekuwa upande wangu, mbele ya kanisa lake lote.

Moraa ndiye aliyeutwaa. Hajaokoka yule, wala hamwogopi mzee yeyote. Akasema, "Lete. Kama ni sumu nitakufa mimi, nimeishi vya kutosha." Akapuliza. Hakuna aliyepumua isipokuwa yeye. Maji yakageuka. Watu wakasimama, benchi moja likaanguka. Moraa akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza hii imetoka ndani yake? Nikasema ndiyo, nyanya, na inatoka kwa kila mtu hapa, na kwa ng'ombe, na kwa moto, na kwa kila kinachooza. Ukiitoa haikungoji. Inatoka mlangoni.

Kisha nikasema nilichokuja kusema. Niliwaambia nilikosea. Niliwaambia mgomba unakula hewa kwa majani, na hewa ni ya wote, na kwamba niliposema mama yangu yumo katika migomba yetu sikuwa nafundisha. Nilikuwa naomboleza mbele ya watoto wa watu, nikiwa nimewapa ndizi mkononi. Kwa hilo nikawaomba radhi, Kemunto kwanza, kwa jina.

Mzee Nyakundi akasema, "Kwa hiyo ulifundisha uongo." Alikuwa ananisogezea lile neno kama mtu anayekusogezea kiti. Mwalimu mkuu alinitolea macho. Ningelitamka tu, Mama. Ningekuwa nimemaliza, na jasho lingekauka. Nikasema, "Hapana, mzee. Somo ni kweli. Mimi ndiye niliyekosea." Akarudia mara ya pili. Nikarudia na mimi. Mara ya tatu hakuuliza, alivua miwani.

Nikafikiria paa, na chupa, na wale vijana walioko madirishani ambao ndio wangetumwa kukagua.

Moraa akauliza, bado ameshika mrija, "Basi mama yako yuko wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza Kemunto, anataka kujua. Nikaanza kujibu vizuri, kwa sauti ya darasani. Nikasema mwili wake umelala pale tulipouweka, na kuamka kwake Mzee ataeleza kuliko mimi. Lakini ile pumzi yake, ya miaka yote, imekwenda. Iko mpaka Ekerenyo, nikasema. Iko Manga yote. Iko kwenye majani ya kwenu na ya watu tusiowajua, na labda imevuka ziwa. Sijui iko wapi. Haiko kwangu peke yangu.

Nikashindwa kuendelea. Nililia, Mama, mbele ya kamati, mwanamume mzima, na chaki mkononi. Siku ya mazishi sikulia, unajua walivyonisema. Nililia hapo, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilisikia benchi la nyuma likisogezwa. Nikadhani Baba ametoka kwa aibu, na nilipofuta macho kweli hakuwepo.

Mzee Nyakundi alichukua muda akifuta miwani. Kisha akakata shauri kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mwalimu ataendelea. Mwalimu hataleta tena ndizi shuleni, wala chakula chochote cha kwao. Hakuna atakayekagua boma la mtu. Na kuhusu migomba, akasema, migomba ni ya mwenye boma, yeye ndiye atakayeamua, kamati haina panga. Moraa akanirudishia mrija na kuniambia uoshwe, kisha akamshika Kemunto mkono wakaenda.

Mwenye boma. Mwenye boma alikuwa ameshatoka, na panga amelinoa tangu wiki ile.

Nilikimbia. Ile njia ya mlimani ninayowakataza watoto kukimbia, niliikimbia na viatu vya Sabato. Kabla sijafika nilisikia panga likipiga shina. Pa. Unaijua sauti ya mgomba ukikatwa, ile ya maji maji. Likapiga tena, nikasikia mgomba ukianguka kwa uzito wake wote, majani yakipasuka. Nikapiga kelele, "Baba!" Sikuwa na neno lingine.

Nikamkuta amesimama katikati ya migomba yako, shati amelivua na kulitundika. Mgomba mmoja ulikuwa chini. Mmoja tu. Na begani kwake alikuwa na ule mkungu wa mti wa panda, mzima, utomvu unamtiririkia mgongoni. Mgomba ukishazaa hukatwa, wewe mwenyewe ulinifundisha, nami nikasahau hata hilo. Hakuwa akifyeka, Mama. Alikuwa akivuna.

Aliniangalia nilivyohema. Akasema, "Alisema kabla ya mvua." Akanipita akaenda nyumbani.

Tulipika matoke jioni, sisi wawili, jua likiwa halijazama. Yeye alimenya, hajui kumenya, anakata nusu ya ndizi pamoja na ganda. Ungemnyang'anya kisu. Tulikula kwa sahani moja, akaongeza mara mbili. Nilipoinuka na kikapu cha maganda, nikasimama mlangoni sijui nifanye nini nayo, nimebaki nimeyashika tu. Baba hakuinua uso kutoka kwenye sahani. Akasema, "Peleka kwa migomba."

Nikapeleka.

Watoto wameanza kuja. Nawasikia kwenye nyasi, na sauti moja ni ya Kemunto, anabishana na mtu kuhusu majani ya mahindi. Nusu ya madawati pengine itabaki tupu leo. Moraa amemruhusu yeye, na wengine watamfuata, au hawatamfuata. Shangazi naye amekuja asubuhi kusema alijua tangu mwanzo kwamba ni maneno ya watu tu.

Sasa ile chupa. Asubuhi hii niliitoa kwenye paa, nikaifunga ndani ya kitambaa chako cha kichwa, nikaileta. Iko mezani mbele yangu, kati ya kengele na sanduku la chaki. Sikuja nayo ili niihifadhi. Wiki mbili zijazo, nikijaliwa, tutafika kwenye somo la chokaa na ndimu. Mtu akikamulia ndimu kwenye unga wa namna hii, unachemka bila moto, na ule ukaa ulioshikwa unatoka, unarudi kuwa hewa. Nilikuwa nitumie chaki, kama kitabu kinavyosema.

Naahidi nitatumia hii. Naahidi pia sitawaambia ni ya nani. Mdomo wangu nimeufunga juu ya hilo, na wewe umeomba hivyo tangu nizaliwe njiani ukiwa na mkungu kichwani. Nitamwaga maji ya juu, nitamwita Kemunto akamue ndimu, kwa kuwa ana mkono imara. Watasogea wote kwenye meza. Watasema, "Mwalimu, inachemka!" Nitasema ndiyo, andikeni.

Lala, Mama. Baba anakula. Mimi nafundisha. Vipovu vikianza kupanda, nitasogea kando, nifungue dirisha la upande wa Manga.

Mwanao,
Makori